Mgeni Abebe Sanduku, Mwenyeji Ahesabu Kura



Kila mara uchaguzi unapokaribia katika nchi yetu, neno moja hurudi vinywani mwa watu, nasi tumelisikia hata katika mikutano ya vikundi vya parokia: "Ya nini kupanga mstari juani, hali wazungu wamekwisha kuchagua?" Wengine husema kinyume: "Wageni wasipokuja kusimamia, hakuna kura ya kweli itakayohesabiwa hapa kwetu." Maneno hayo mawili yaonekana kupingana, lakini ni watoto wa mama mmoja. Yote mawili huitoa kura ya Mkongomani mkononi mwake na kuiweka katika mkono wa mwingine, la kwanza kwa hasira, la pili kwa kukata tamaa.

Tumeona vema kuyapima maneno hayo kwa historia, si kwa uvumi. Nchi za nje zilisaidia nini hasa katika uchaguzi wetu? Zilipoahidi kutoegemea upande wowote, ahadi hiyo ilitimizwa kwa kiasi gani? Na pale msaada wao ulipopungua au kukataliwa, je, kura zetu zilipata usalama zaidi? Tutakaa zaidi katika mwaka 2006, kwa kuwa wengi wenu wakati ule hamkuwa mmezaliwa, au mlibebwa mgongoni na mama zenu walipokwenda kupiga kura. Lakini kwanza yatubidi kurudi nyuma, hadi mwaka wa uhuru.

Redio iliyofungwa

Mwezi wa Mei 1960 Wakongomani walichagua Bunge lao la kwanza la taifa, chini ya utawala wa Ubelgiji uliokuwa tayari ukifunga mizigo yake. Chama cha MNC cha Patrice Lumumba kilipata viti vingi kuliko kingine chochote, ingawa kilikuwa mbali na nusu ya viti vyote 137. Lumumba akawa waziri mkuu, Joseph Kasavubu akawa rais. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni, na kabla ya wiki mbili kupita jeshi lilikuwa limeasi na Katanga ilikuwa imejitenga. Serikali ikaomba msaada wa Umoja wa Mataifa. Askari wake waliwasili mwezi wa Julai, nao walikuwa na amri ya kutoingilia ugomvi wa ndani wa Wakongomani.

Tarehe 5 Septemba Kasavubu alitangaza redioni kwamba amemwachisha Lumumba kazi. Lumumba naye akaenda redioni kutangaza kwamba rais ndiye asiye na kazi tena. Mji mkuu ukashika pumzi. Mmarekani Andrew Cordier, aliyeuwakilisha Umoja wa Mataifa huko Léopoldville kwa siku hizo, aliamuru viwanja vya ndege vifungwe, kisha kituo cha redio nacho kifungwe. Sababu aliyoitoa ilikuwa kuzuia vita ya wenyewe kwa wenyewe. Amri ilikuwa moja kwa wote. Kasavubu asiseme, na Lumumba asiseme. Askari wa huyu wasiruke, na wa yule wasiruke.

Ukiisoma amri hiyo kwenye karatasi, huoni upendeleo ndani yake. Lakini Kasavubu alikuwa na rafiki ng'ambo ya mto. Fulbert Youlou, padri aliyeingia siasa na kuwa rais wa Kongo-Brazzaville, alimfungulia redio yake. Lumumba, ambaye silaha yake kubwa ilikuwa sauti yake, alibaki kimya. Na askari waliomtii, waliokuwa Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani, hawakuweza kurushwa hadi mji mkuu. Mlango ulifungwa mbele ya watu wawili, lakini mmoja wao alikuwa na dirisha. Tarehe 14 Septemba kanali Mobutu akatwaa madaraka. Mwezi wa Januari 1961 Lumumba akauawa huko Katanga.

Hata tukiliacha kando swali la nia ya Cordier, tendo lenyewe latufundisha jambo ambalo tutalihitaji mbele: kuwatendea wote namna moja si lazima iwe haki, ikiwa wote hawakusimama mahali pamoja. Mgeni asiyezijua njia za nyumba aweza kumdhuru mwenyeji kwa amri inayoonekana safi kabisa.

Nchi isiyo na orodha ya watu wake

Baada ya uchaguzi wa wabunge wa mwaka 1965, tulikaa miaka zaidi ya 40 bila uchaguzi wa vyama vingi. Zilipita kura za chama kimoja na mgombea mmoja, kisha vita ya mwaka 1996, kisha ile ya mwaka 1998 iliyoyavuta majeshi ya nchi nyingi katika ardhi yetu. Mapatano yalitiwa sahihi Pretoria tarehe 17 Desemba 2002, yakathibitishwa Sun City mwaka 2003. Yakazaa serikali ya mpito yenye rais mmoja, Joseph Kabila, na makamu wa rais wanne, wawili kati yao wakiwa wameongoza vikundi vilivyopigana naye. Kazi kubwa ya serikali hiyo ilikuwa kutufikisha kwenye uchaguzi.

Lakini mngechagua vipi katika nchi isiyojua hesabu ya watu wake? Sensa ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1984. Vitambulisho vya zamani vilikuwa vimechakaa au kupotea njiani wakati wa kukimbia vita. Hakukuwa na barabara nzima ya kutoka Kinshasa hadi Goma, wala hadi Kisangani. Hapo ndipo msaada wa kiufundi ulipoingia, na ni haki kuutaja kwa jina lake, maana mtu asiyetambua wema aliotendewa hawezi pia kupima vema ubaya aliotendewa.

Uandikishaji ulianza Kinshasa mwezi wa Juni 2005, ukafuata mikoa mingine. Katika kila kituo kulikuwa na kompyuta, kamera, kifaa cha kuchukua alama za vidole na mashine ya kuchapa kadi papo hapo. Watu zaidi ya milioni 25 waliandikishwa. Tunakumbuka wazee waliotoka kituoni wakiishika kadi ile kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba yai. Ilikuwa kadi ya mpiga kura, lakini kwa wengi ndiyo ikawa kitambulisho chao pekee: cha kupita kizuizi cha askari, cha kupokea fedha, cha kumwandikisha mtoto shule. Waulizeni wazazi wenu.

Ujumbe wa Umoja wa Mataifa, yaani MONUC, wenye askari wapatao 17,000, ulitoa ndege, helikopta na magari ya kuvifikisha vifaa mahali ambapo hata baiskeli ilipata taabu. Shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa lilisimamia mfuko wa wafadhili. Karatasi za kura zilichapwa Afrika ya Kusini. Gharama zilipita dola milioni 400, na sehemu kubwa ililipwa na wageni, Umoja wa Ulaya ukiwa mbele yao.

Tuongeze jambo moja ambalo halikubebwa na helikopta. Tangu mwaka 2002 Redio Okapi, iliyoanzishwa na MONUC pamoja na shirika la Fondation Hirondelle la Uswisi, ilikuwa ikitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa. Mtu wa Bukavu na mtu wa Mbandaka walisikia habari zile zile, saa ile ile. Mwaka 1960 Umoja wa Mataifa ulifunga redio kwa jina la kutopendelea. Mwaka 2002 ulifungua redio kwa jina lile lile. Tofauti kati ya matendo hayo mawili ni kubwa. La kwanza liliwanyima raia habari ili watulie, na la pili liliwapa raia habari ili waamue.

Nani alishika nini

Tume Huru ya Uchaguzi, CEI, iliongozwa na Mkongomani, Abbé Apollinaire Malu Malu, padri wa jimbo la Butembo-Beni, aliyewakilisha mashirika ya raia. Tume hiyo ndiyo iliyopanga tarehe, kupokea majina ya wagombea na kutangaza matokeo. Wageni walikuwa wasafirishaji, walimu na walipaji. Hivyo ndivyo kazi zilivyogawanywa kwa maandishi.

Lakini palikuwa na meza nyingine. Mapatano yalikuwa yameunda kamati ya kimataifa ya kuisindikiza serikali ya mpito, iliyojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, CIAT. Humo walikaa mabalozi wa nchi tano zenye kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama, pamoja na Ubelgiji, Kanada, Afrika ya Kusini, Angola, Gabon, Zambia, Umoja wa Ulaya na Umoja wa Afrika, chini ya uongozi wa mkuu wa MONUC. Viongozi wetu walipogombana, mabalozi hao waliwasukuma kuendelea. Je, msukumaji aweza kuwa mwamuzi?

Malalamiko hayakukawia. Chama cha UDPS cha Étienne Tshisekedi, kilichokuwa kimewataka wafuasi wake wasijiandikishe, kiliomba baadaye uandikishaji ufunguliwe upya. Hakikupata, na hakikushiriki. Kamishna wa Umoja wa Ulaya, Mbelgiji Louis Michel, alishutumiwa na wapinzani kwamba anampenda Kabila waziwazi mno. Kardinali Frédéric Etsou wa Kinshasa hakuficha wasiwasi wake juu ya mkono wa nchi za nje. Abbé Malu Malu naye, mtu wa mashariki, alishutumiwa na wengi wa magharibi kwamba anawapendelea wa mashariki.

Tukiyatazama hayo leo, baada ya miaka kupita, twaona kwamba swali la "mgeni alimpenda nani?" halifiki chini ya kisima. Nchi zile zilikuwa nyingi na mapenzi yao hayakuwa mamoja. Lakini jambo moja lilizikusanya zote: zilitaka kazi iishe. Aliyelipia karamu ya arusi hawezi kwa urahisi kusimama siku ile ile na kusema kwamba bibi arusi bado hayuko tayari. Aliyetumia mamilioni ya dola, na aliyewaahidi wananchi wake kwamba askari watarudi nyumbani baada ya miezi kadhaa, anatamani kusikia neno "uchaguzi umefanyika". Huo ndio upendeleo tunaopaswa kuujua, kwa kuwa hauna chama wala kabila, na kwa hiyo hauonekani. Mgeni anatamani kufika mwisho wa safari. Mwenyeji ndiye anayebaki akiishi na matokeo.

Usiku mmoja darasani

Tarehe 30 Julai 2006 palifunguliwa ofisi za kura zipatazo 50,000 katika nchi nzima. Wagombea wa urais walikuwa 33, na wa ubunge walipita 9,000 kwa viti 500. Huko Kinshasa karatasi ya wabunge ilikuwa na kurasa sita. Watumishi wengi wa ofisi hizo walikuwa walimu, nasi tulikuwa miongoni mwao, katika darasa la shule ya msingi upande wa mashariki.

Tulikunjua karatasi mbele ya akina mama ambao hawakuwahi kushika kalamu, tukawaonyesha picha bila kugusa picha. Jioni, mlango ulipofungwa, tulianza kuhesabu kwa mwanga wa taa. Ikatokea karatasi moja yenye alama katikati ya picha mbili. Shahidi wa chama hiki akasema ni yetu. Shahidi wa chama kile akasema ni yetu. Sauti zikapanda. Mlangoni alisimama kijana wa Umoja wa Mataifa, mtu wa nchi nyingine ya Afrika, aliyekuwa ametufundisha kazi siku chache kabla. Wote wakamgeukia: "Wewe si wa huku wala si wa kule, amua wewe." Akakataa. Akasema kwamba kitabu cha kanuni kiko mezani, na ofisi ina mwenyekiti wake. Kisha akaiinua taa ili tuweze kusoma. Tukasoma, tukaona kwamba kura ile imeharibika, na mashahidi wote wakatia sahihi. Alishika taa, hakushika karatasi. Hatujapata kuona maana ya msaada wa kiufundi iliyo wazi kuliko hiyo.

Asubuhi karatasi ya matokeo ilikuwa imebandikwa ukutani, na watu waliinakili katika madaftari ya watoto wao. Lakini bahasha zetu ziliondoka kwenda kituo cha kukusanya matokeo, kimojawapo cha vituo zaidi ya 60 vya nchi nzima, na huko taa haikuwaka vema kama darasani. Katika duru ile ya kwanza, huko Kinshasa hasa, vifurushi vilirundikana na karatasi nyingine zilichomwa moto. Waangalizi walisema waziwazi kwamba udhaifu mkubwa ulikuwa hapo. Duru ya pili ilipangwa vizuri zaidi.

Siku tatu za Agosti

Jioni ya tarehe 20 Agosti Tume ilitangaza: Kabila asilimia 44.81, Jean-Pierre Bemba asilimia 20.03, Antoine Gizenga asilimia 13.06. Ilibidi kurudi kwenye kura kati ya wawili wa kwanza. Usiku ule ule risasi zilianza kulia Kinshasa kati ya walinzi wa wagombea hao wawili.

Kesho yake mabalozi wa CIAT walikwenda nyumbani kwa Bemba kuzungumza naye. Wakiwa ndani, walinzi wa rais wakaishambulia nyumba ile. Mabalozi wa mataifa makubwa wakajificha kama raia wa kawaida wanavyojificha, hadi askari wa MONUC na wa kikosi cha Ulaya, EUFOR, walipofika kuwatoa. Kikosi hicho, kilichoruhusiwa na Umoja wa Mataifa kwa muda wa uchaguzi tu, kilikuwa na sehemu ndogo Kinshasa na sehemu kubwa Gabon ikingoja. Watu wengi wa Kinshasa walikuwa wakisema kwamba Wazungu hao wamekuja kumlinda Kabila. Siku ile walionekana mbele ya nyumba ya mpinzani wake, na uvumi ukapungua kidogo. Kutopendelea kulithibitika kwa tendo lililofanyika hadharani, ambalo hakuna tangazo lingeweza kushika nafasi yake.

Duru ya pili ilifanyika tarehe 29 Oktoba. Huko Fataki, katika Ituri, mwanajeshi aliwaua kwa risasi watumishi wawili wa uchaguzi. Tunawataja kwa sababu historia hukumbuka mabalozi upesi na kuwasahau waliokaa kwenye meza ya kura. Kabila alitangazwa mshindi kwa asilimia 58.05, Bemba akipata 41.95. Bemba alipinga mahakamani, kisha akakubali. Rais akaapishwa tarehe 6 Desemba. Muda wa EUFOR ulikuwa umekwisha tarehe 30 Novemba.

Na baada yake? Mwezi wa Machi 2007 vita ilirudi katika mitaa ya Kinshasa kati ya jeshi na walinzi wa Bemba. Watu wengi walikufa, na Bemba akaondoka nchini. Uchaguzi wa mitaa na vijiji, uliotakiwa kufuata, haukufanyika katika muhula ule wote. Fedha zilipatikana kwa siku ya kura. Kwa siku zilizofuata zilikuwa haba. Mgeni alikuwa amefika mwisho wa safari yake.

Mgeni alipopungua

Wanaosema kwamba ubaya wote hutoka nje wangetazamia kwamba, kadiri mgeni anavyopungua, ndivyo kura inavyosafika. Haikuwa hivyo.

Mwaka 2011 serikali yetu ililipa sehemu kubwa zaidi ya gharama, na sauti ya wageni ilipungua. Mwezi wa Januari katiba ilikuwa imebadilishwa ili duru iwe moja tu. Kura ilipigwa tarehe 28 Novemba. Kabila akatangazwa kwa asilimia 48.95, Tshisekedi 32.33. Lakini matokeo ya ofisi zipatazo 2,000 za Kinshasa yalipotea, na katika sehemu fulani za Katanga, kama Malemba-Nkulu, karibu kila aliyeandikishwa alihesabiwa kuwa amepiga kura, na zote kwa mgombea mmoja. Waangalizi wa Kituo cha Carter walisema matokeo hayaaminiki. Kardinali Laurent Monsengwo alitamka kwamba hayakupatana na ukweli wala haki. Mabalozi walisikitika, kisha wakaendelea na kazi zao.

Mwaka 2018 serikali ilikataa kabisa msaada wa nje, hata ndege za Umoja wa Mataifa. Lakini mashine za kupigia kura zilinunuliwa kwa kampuni ya Miru Systems ya Korea ya Kusini, na serikali ya Korea yenyewe ilijitenga na matumizi yake. Tazameni jambo hilo vizuri: tulikuwa tumemkataa mgeni aletaye helikopta, tukampokea mgeni aletaye mashine. Tarehe 13 Desemba moto uliteketeza mashine zipatazo 8,000 katika ghala la Kinshasa. Wapiga kura wa Beni, Butembo na Yumbi waliahirishiwa hadi Machi 2019, yaani baada ya rais kuapishwa. Watu wa Beni, kwa uchungu, walipanga mistari yao wenyewe tarehe 30 Desemba na kupiga kura isiyo rasmi, ili ijulikane kwamba wapo.

Safari ile Kanisa lilituma waangalizi karibu 40,000, watu wa parokia zetu. Matokeo yalipotangazwa tarehe 10 Januari 2019, Félix Tshisekedi akiwa na asilimia 38.57 na Martin Fayulu 34.8, maaskofu walisema kwamba hayakulingana na yale waliyoyakusanya waangalizi wao. Tarehe 17 Januari viongozi waliokutana katika Umoja wa Afrika waliomba matokeo ya mwisho yasimamishwe kwanza. Mahakama ya Katiba iliyathibitisha siku chache baadaye, na nchi za nje, moja baada ya nyingine, zikatuma pongezi zao. Upendeleo ule wa kumaliza ulikuwa umerudi, safari hii bila helikopta. Ya mwaka 2023 mengi mliyaona kwa macho yenu wenyewe.

Kutopendelea ni nini basi

Pilato alinawa mikono mbele ya umati, naye aliamini kwamba hakuegemea upande. Twajua ilikwenda vipi. Kwa hiyo tusiite kila ukimya kutopendelea, wala tusiite kila msaada uingiliaji. Kutokana na historia hii twaweza kushika mambo matatu.

La kwanza, msaada ulio mwema humwezesha mwenyeji kuona na kuamua, kama taa ile ya darasani na kama redio iliyofunguliwa. Msaada unaoamua mahali pa mwenyeji, au unaomfumba macho ili atulie, haufai hata ukiletwa na mtu mwenye moyo safi.

La pili, mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema. Anayelipa ana tamaa yake, hata kama si tamaa ya mgombea. Basi anayelipa asiwe yeye peke yake wa kusema kama kazi ni njema. Na sisi tukitaka sauti yetu isikike, tuzoee kugharamia wenyewe kile tunachokiita chetu. Fedha yetu peke yake, hata hivyo, haitatutakasa; mwaka 2011 umetuonyesha hivyo.

La tatu, na ndilo kubwa, ukweli wa kura hulindwa mahali karatasi ya matokeo ilipobandikwa na njiani inapopita. Hapo hakuna balozi. Hapo kuna mwalimu, shahidi wa chama, mwangalizi wa parokia, na raia mwenye daftari. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mwenyeji alale.

Ninyi mliofikisha miaka 18, au mnaoikaribia, mtaitwa. Baadhi yenu mtaombwa kuwa waangalizi, na kikoti cha mwangalizi kitawataka jambo gumu kuliko linalotakiwa kwa mgeni. Mgeni hana shangazi miongoni mwa wagombea, wala hatalala kesho katika mtaa ule. Ninyi mtakuwa na ndugu, kabila, rafiki na chama mnachokipenda moyoni, na hata hivyo mtatakiwa kuandika 43 mahali palipo na 43. Siku mtakapoweza kufanya hivyo huku mgombea wenu akishindwa, hakuna atakayewaambia tena kwamba wazungu wamekwisha kuchagua.

Kwa mazungumzo ya kikundi

1. Mwulizeni mzazi au jirani aliyepiga kura mwaka 2006: anakumbuka nini, na nani alimsaidia siku ile?

2. Katika maisha ya parokia na mtaa wetu, ni msaada gani kutoka nje unaotuwezesha kuona na kuamua, na ni upi unaoamua mahali petu?

3. Ikiwa mmoja wetu atakuwa mwangalizi, na matokeo ya ofisi yake yakaumiza upande anaoupenda, kikundi chetu kitamsaidiaje kusema kweli?